Mashati Manne Ukutani

Kola aliposikia kwamba kiwanda kimeandaa darasa, na kwamba darasa lenyewe ni la bure, tena lina chai juu yake, hakufurahi hata kidogo. Alianza kazi pale mwanawe wa kwanza akiwa hajaota meno, na sasa mwana huyo ana kipara. Muda wote huo kiwanda hakikuwahi kumpa hata sindano ya bure. Leo hii huruma ya kumpa elimu kimeitoa wapi?

"Kuna kitu," alimwambia mumewe jioni, akivua viatu mlangoni. "Mimi nakwambia, hapa kuna kitu."

"Kipo," mumewe akajibu bila kuuliza ni kitu gani. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na tangu aachane na usukani alikuwa na nafasi kubwa ya kushuku mambo ya watu. "Wakikupa hiyo chai, kunywa nusu."

Jina lake la kuzaliwa lilibaki nyumbani. Kiwandani aliitwa Kola kwa sababu alishona kola za mashati, na hakushona kingine. Ndivyo kazi ilivyogawanywa pale. Shati liliingia ukumbini likiwa vipande, likapita benchi moja hadi jingine, kila fundi akaongeza chake, likatokea upande wa pili limekunjwa na kutiwa kwenye plastiki. Jirani yake wa kulia alipachika mikono ya mashati, naye aliitwa Mikono. Mbele yao alikaa Mfuko, mwanamke mwembamba aliyenuna kuanzia asubuhi, mshonaji wa mifuko ya kifuani. Nyuma kabisa alikuwa Vifungo, baba wa watu mwenye kitambi na utani usiokwisha. Kila mmoja alikuwa bingwa wa kipande chake. Kola aliweza kushona kola huku akisinzia, na zipo siku alishona hivyo kweli.

Lakini shati zima? Hajawahi. Hapo ndipo mumewe alipopata cha kuwachekeshea majirani. "Mke wangu fundi wa mashati," alikuwa akisema huku akijishika ukosi, "ndiyo maana navaa mitumba." Majirani walicheka, naye Kola alicheka nao, lakini maneno yale yalimchoma kila mara.

Darasa lilifanyika alasiri katika stoo ya zamani nyuma ya ukumbi. Walikuta cherehani nne, meza ndefu ya kukatia, na ukuta uliopigiliwa misumari mitupu. Walioitwa walikuwa hao hao wanne: Kola, Mikono, Mfuko na Vifungo. Kwa nini wao? Kwa nini si wale wa benchi la pili? Kola alijiuliza maswali hayo hata kabla hajakaa kitini.

Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye mvi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaambia kwamba alikuwa mpiga pasi katika kiwanda kingine mpaka mvuke ukamharibu kifua, na kwamba alirudi kusoma akiwa tayari ana wajukuu. "Darasani nilikuwa nakaa na watoto wanaoniita bibi," alisema. "Nilizoea."

Kisha akatoa amri yake.

"Kila mmoja wenu atashona shati zima. Ila mimi sitawafundisha. Mtafundishana. Kola atawafundisha wenzake kola, Mikono atawafundisha mikono, hivyo hivyo mpaka tumalize."

Kola aliweka kikombe mezani. Kumbe ndiyo hesabu yenyewe! Mikono akishajua kola, Kola wa nini? Mtu mmoja atafanya kazi ya watu wanne, na wale watatu wataonyeshwa geti. Wanataka kumfukuza mtu, na wanataka aliyefukuzwa awe amemfundisha kazi aliyebaki. Aliwatazama wenzake aone kama na wao wameliona. Mfuko alinuna kama kawaida yake. Vifungo alikuwa anakoroga chai. Mikono alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile Kola hakulipenda.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Kola.

Sasa, kola ya shati ina vitambaa viwili, cha juu na cha chini. Ukivishona vikiwa sawa kwa sawa, ncha zake zitajikunja kwenda juu, na hata uzipige pasi kutwa nzima, zitarudi kule kule. Dawa yake ni ndogo sana. Unaposhona, kitambaa cha chini unakivuta kidogo kwa kidole cha mkono wa kushoto, upana wa uzi tu, ili cha juu kibaki na nafasi ya kulalia. Kola alifundishwa jambo hilo na mama mmoja aliyestaafu zamani, na tangu hapo hakumwambia mtu. Kidole kile ndicho kilichomlisha na kumsomeshea watoto.

Aliwaonyesha yote: namna ya kukata, namna ya kuweka kile kitambaa kigumu cha katikati, namna ya kugeuza pembe. Ilipofika kwenye kidole, alilaza kiganja juu ya kazi kama mtu anayenyoosha kitambaa, akakifunika. Mguu ukakanyaga, cherehani ikalia, kola ikatoka imelala vizuri juu ya meza.

"Mmeona?" aliuliza.

"Tumeona," wakajibu.

Mikono alisogea karibu zaidi, karibu mpaka Kola akahisi pumzi yake begani. "Rudia mwenzangu, nimekosa hapo mwisho."

Kola akarudia, na kiganja kikarudi pale pale. Alijiambia kwamba hata wao watafanya vivyo hivyo. Nani mjinga wa kugawa ugali wake mezani kwa watu?

Zamu ya Mikono ilipofika, Kola alikaa macho kodo. Mikono alishika shati, akaeleza kwamba mkono una kitambaa kingi kuliko tundu la bega, na kwamba hicho cha ziada hakivutwi. Kinasukumwa kwa dole gumba, taratibu, kiingie chenyewe. Alisema hivyo mara nyingi mpaka akachosha. Dole gumba, dole gumba. Kola akaona ni geresha. Mtu hawezi kuitaja siri yake kwa sauti kubwa namna ile. Kwa hiyo aliacha kusikiliza maneno akakazia macho vidole, na alipojaribu mwenyewe, mkono uliingia begani bila kikunjo hata kimoja. Akajipongeza kimoyomoyo. Amemwibia Mikono kwa macho, na Mikono hajui!

Hapo likatokea jambo ambalo hakulitegemea. Alifurahi. Alikaa pale na mkono wa shati mapajani, akaugeuza ndani nje, nje ndani, kama msichana aliyepewa bangili. Miaka yote hiyo mikono ya mashati ilipita pembeni yake, asijue inaingiaje. Jioni alifika nyumbani anaimba. Yale maumivu ya bega yaliyokuwa yakimwamsha usiku hayakumwamsha. Mumewe alimchunguza kwa siku kadhaa, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Hiyo chai yenu," alisema, "wanaweka nini ndani?"

Furaha hiyo haikupunguza shaka yake. Iliiongeza, kwa sababu sasa alikuwa na cha kupoteza. Alitaka kubaki kiwandani, alitaka kumaliza shati lake, na alitaka kujua ni nani kati yao anayewauza wenzake. Maana lazima awepo mmoja.

Akampata mapema kuliko alivyofikiri.

Mchana mmoja alirudi stoo kuchukua utepe wake wa kupimia. Wengine walikuwa nje wakila. Dirishani walisimama Mikono na Mwalimu, vichwa karibu, wakizungumza kwa sauti ya chini. Mikono alimwona Kola, akanyamaza ghafla. Kulikuwa na vitambaa mkononi mwake, akavisokomeza kwenye begi lake na kuvuta zipu.

"Mnazungumza nini?" Kola aliuliza, akijitahidi sauti isikike ya kawaida.

"Mambo yangu tu, mwenzangu."

Mambo yake! Mtu waliyekula naye chakula cha mchana kwenye bakuli moja tangu ujana, mtu aliyemshikia mtoto hospitali, leo ana mambo yake na Mwalimu. Kola hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mikono ameshachaguliwa. Anapewa masomo ya pembeni ili awe yule mmoja atakayebaki.

Tangu siku ile alianza kumchunga. Aliona Mikono hatoki tena mapema. Aliona begi lake linazidi kutuna. Aliona macho yake mekundu asubuhi, na vidole vimechomwachomwa na sindano, na akasema moyoni kwamba dhamira inamsuta. Chakula cha mchana akahamia kula na Mfuko, ingawa kula na Mfuko ni sawa na kula na ukuta. Mikono alibaki peke yake kwenye ngazi na bakuli lake. Siku ya kwanza alimwita Kola kwa mkono. Siku ya pili hakumwita.

"Mmegombana?" Vifungo aliuliza.

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Kaniambia nikuulize wewe. Sasa niende kumuuliza meneja?"

Kola hakucheka.

Zamu za Mfuko na Vifungo zilipokwisha, Mwalimu aliwapa kila mmoja kitambaa cheupe, akawaambia washone shati zima bila kusaidiana. Kola alishona la mumewe, kwa vipimo vya mumewe, na hakumwambia mtu. Upande wa kola na mikono, kazi ilimtii. Mfuko wa kifuani ulimtesa. Alifuata kila neno aliloambiwa na bado ulionekana umelewa. Vifungo navyo vilizama ndani ya kitambaa na kukivuta. Alijilaumu, kisha akamlaumu Mfuko, kisha akajilaumu tena.

Siku ya kukabidhi, Mwalimu aliwapokea mlangoni. Aliyachukua mashati, akayatundika ukutani kwenye ile misumari, akavaa miwani, akarudi nyuma na kusimama nao.

"Haya," alisema. "Tazameni."

Walitazama. Kola alikimbilia kola kwanza, kama mzazi anayemtafuta mwanawe katika kundi. Ya kwake ilikuwa imelala vizuri. Zile tatu nyingine zilikuwa zimekunja ncha juu. Akaficha tabasamu. Kisha macho yakateremka kwenye mifuko: mmoja tu ulikaa sawa, nao ulikuwa kwenye shati la Mfuko. Vifungo vilisimama vyema kwenye shati la Vifungo peke yake. Tabasamu likamkauka mdomoni.

Mfuko akamgeukia Vifungo. "Mbona vifungo vyako havikuzama?"

"Mbona mfuko wako haujalewa?"

"Hukusema habari ya kuzungusha uzi chini ya kifungo! Naona pale umezungusha!"

"Na wewe hukusema mfuko unainamishwa kidogo!"

Walirushiana maneno mpaka Mwalimu akapiga meza kwa mkasi. Kola hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameganda mbele ya ukuta, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefika kwenye mabega. Shati lake, mikono imekaa. Shati la Mfuko, imekaa. La Vifungo, ambaye vidole vyake vinene viliwahi kuvunja sindano mbili kwa asubuhi moja, imekaa. Katika mashati yote manne hapakuwa na kikunjo hata kimoja begani. Hakuiba kitu kwa macho. Alipewa. Mikono alisema dole gumba mpaka akachosha kwa sababu ni dole gumba kweli.

"Mmefichana," Mwalimu alisema. "Nilijua mtafichana, hata sisi wa pasi tulifichana. Ila sikujua mtafichana mpaka mwisho. Mlifikiri nimekuja kuchagua wa kubaki, sivyo?"

Mwalimu akavua miwani.

"Hakuna wa kubaki. Ukumbi unafungwa msimu huu ukiisha, na cherehani zimeshapata mnunuzi. Meneja atawatangazia kesho. Nilipewa sharti nisiseme, na kwa sababu ya sharti hilo ndiyo nikaruhusiwa kuwafundisha. Nilimwambia, watu hawa huwezi kuwatoa nje na kipande kimoja cha shati. Mtaani nani atamletea fundi kola tupu? Mlianza nyinyi wanne kwa sababu chumba kina cherehani nne. Mngemaliza, mngekuwa walimu wa wenzenu."

Vifungo alikaa chini, kitambi chote kikakaa naye. Alifungua mdomo kutania, utani ukakosekana. Mfuko alianza kulia bila sauti, uso ukiwa umenuna vile vile.

Na Kola? Alikuwa sahihi. Tangu siku ya kwanza alisema kuna kitu, na kitu kilikuwepo. Angeweza kwenda nyumbani akamwambia mumewe, unaona, nilikwambia. Lakini usahihi ule haukumsaidia chochote, kwa sababu Mikono alikuwa amesimama peke yake kwenye kona, mbele ya shati lake lenye ncha zilizojikunja, akizishusha kwa kidole. Zilishuka, zikainuka tena.

Kola akamfuata.

"Ni vizuri haya yamesemwa leo," Mikono alisema bila kumtazama. "Mimi nilikuwa nimeshamwomba Mwalimu aniondoe. Siku ile ulitukuta dirishani. Nilimwambia aniondoe nisiwarudishe wenzangu nyuma, akanikatalia. Wale wamefichana, lakini wewe ulinifundisha kola na ukanirudia mara mbili, ndiyo maana niliona aibu kukwambia."

Akavuta zipu ya begi, akalipindua juu ya meza. Zilimwagika kola. Kola za vitambaa vya kila rangi, vipande vya shuka, vya pazia, vya nguo kuukuu, zimeshonwa, zimefumuliwa, zimeshonwa tena mpaka kitambaa kimetoboka. Zote zilikuwa zimekunja ncha juu.

"Kila siku nyumbani nashona," Mikono alisema. "Mume wangu ananiambia niache, mimi nasema hapana, Kola anaweza, na mimi nitaweza. Lakini naona kichwa changu kimeshakufa. Watu wengine elimu ikishawapita utotoni, imewapita."

Kola alitamani sakafu impokee. Alishika kola moja, ya kitambaa cha maua, akaigeuza. Mishono ilikuwa minyoofu kuliko ya kwake mwenyewe.

"Si kichwa chako," alisema. Akaiweka mezani. "Sikiliza. Kitambaa cha chini kinavutwa. Kidogo, kwa kidole cha kushoto, upana wa uzi. Bila hivyo hata malaika hawezi. Sikukuonyesha. Nilikifunika kwa kiganja."

Mikono alimtazama.

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Nyuma yao Mfuko na Vifungo walikuwa wamesogea kusikiliza. Mwalimu alijifanya anapanga mikasi. Mikono alizitazama zile kola mezani, moja moja, kama anayetafuta aliyoipoteza. Kola alisubiri atukanwe. Angependa atukanwe. Alitaka pia kusema mengine, kuhusu bakuli na ngazi na yale aliyomfikiria, lakini pengine hayakuwa na kazi tena.

Mikono hakutukana. Alivuta kiti, akakaa kwenye cherehani, akachukua vipande viwili vya kitambaa na kuvilaza kimoja juu ya kingine. Kisha akainuka, akakiacha kiti wazi, na kukielekeza kwa kidevu.

"Kaa," alisema. "Onyesha tena. Na mara hii hicho kiganja chako kikae mahali ninapokiona."

Kola akakaa. Akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, akanyoosha vidole vyote vya kushoto juu ya kitambaa, vikiwa wazi, akaanza kushona polepole. Mikono aliinama, akavitazama kimoja kimoja mpaka mshono ukaisha.